Tupeane uzoefu: kuomba uzamivu wa kikazi (EdD, DBA, DrPH) Uingereza ukiwa kazini Tanzania

Mleta mada
Wadau, salaam. Maswali kuhusu hizi shahada za uzamivu za watu walio kazini (EdD ya elimu, DBA ya uongozi wa biashara, DrPH ya afya ya umma) hayaishi, na majibu yametawanyika. Tuyakusanye hapa. Naomba tuache historia zetu, tuweke yale ambayo mwombaji anaweza kuyafanyia kazi kesho asubuhi.

Naanza na muundo. Kwenye vyuo vingi vya Uingereza EdD ina krediti 540. Kwa kawaida 180 ni za masomo, 360 ni za tasnifu. Tasnifu huwa na maneno kati ya 40,000 na 60,000, wakati ya PhD hufika 80,000 na kuendelea. Ukisoma huku unafanya kazi, jipangie miaka 4 hadi 7. Asikudanganye mtu kwamba ni PhD nyepesi, zote mbili ni ngazi ya 8, ya juu kabisa kwa shahada za kule. Tofauti ni kwamba swali la utafiti linazaliwa kazini kwako, na chuo kinataka kuliona hilo tangu mwanzo wa maombi.

Chaki na Ubao
Andiko la utafiti ndilo linaloangusha wengi, na kosa kubwa ni mada pana. Mtu anaandika "Changamoto za lugha ya kufundishia Tanzania". Hiyo ni kazi ya wizara nzima.

Ibane. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza. Uliza hivi: mwalimu wa baiolojia wa kidato cha kwanza anarudi kwenye Kiswahili wakati gani wa kipindi, na akirudi anaeleza nini? Shule 4 za kata, walimu 8, vipindi 3 kwa kila mwalimu. Hivyo ni vipindi 24 vya dakika 40, yaani saa 16 za sauti. Saa moja ya sauti yenye kelele za darasa hula saa 6 au zaidi kuinakili, kwa hiyo una karibu saa 100 za kunakili tu. Weka hesabu hiyo kwenye andiko. Anayelisoma ataona unaijua kazi unayoiomba.

Maneno 1,500 hadi 2,000 hutosha, ila fuata kikomo cha chuo husika. Na kabla ya kutuma, tafuta msimamizi ambaye machapisho yake yanagusa swali lako. Kuna maandiko mazuri yanakataliwa kwa sababu tu hakuna wa kuyasimamia.

Afisa Utumishi
Kwa watumishi wa umma, anza na mpango wa mafunzo wa mwajiri. Hakikisha jina lako limo kabla hujalipa ada ya maombi. Barua ya mwajiri iseme mambo matatu: unaruhusiwa kusoma, utaachiwa siku ngapi kwa mwaka, na unaruhusiwa kukusanya taarifa ndani ya taasisi. Nyingi husema la kwanza tu, halafu mwaka wa tatu mtu yuko na krediti zote za masomo lakini mlango wa takwimu umefungwa.

Tena, kama wewe ni mkuu wa idara, usipange kuwahoji walio chini yako. Hawawezi kukukatalia kwa uhuru, na kamati ya maadili italiona hilo haraka. Chukua kituo kingine, au tumia dodoso lisilo na majina.

Vibali Kwanza
Naongezea hapo kwa Afisa Utumishi. Mfuatano una maana yake: kwanza kibali cha maadili cha chuo, halafu COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kama utafiti ni wa afya unahitaji NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu). Kwa shule na vituo vya afya vya halmashauri kuna ngazi za TAMISEMI, katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, ndipo umfikie mkuu wa shule au mganga. Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha Bara hakikuvushi. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Ratiba ya andiko isiyo na miezi ya vibali haiaminiki.

Bahasha ya Kaki
Nyaraka, kwa ufupi:

Majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu, cha shahada kina jina la mume. Maliza jambo hili mapema kwa kiapo, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa pale jina lilipobadilika kabisa.

Wadhamini wa kukuandikia barua. Mara nyingi ni wawili, mmoja wa chuoni na mmoja wa kazini. Toa barua pepe zao za taasisi. Ukiweka ya Gmail, vyuo vingi vitairudisha.

Matokeo ya IELTS (mtihani wa Kiingereza) hudumu miaka 2, usiifanye mapema mno.

Viza, kama utaenda kukaa: fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Watokao Tanzania, Kenya na Uganda wanapimwa kifua kikuu kwa ukaazi wa zaidi ya miezi 6, na cheti hudumu miezi 6. Viza ya masomo ya muda wa ziada (part-time) hairuhusu kufanya kazi wala kuleta familia, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuaga nyumbani.

Mgeni wa Juzi
Asanteni wakuu. JD ya Marekani nayo inaingia humu? Na shahada ikishapatikana?

Mleta mada
JD (sheria), MD (tiba) na PharmD (famasia) huitwa udaktari wa taaluma kule Marekani, lakini ni za kuingia kwenye fani na njia yake ni nyingine, kwa mfano mtihani wa kujiunga wa MCAT kwa udaktari wa tiba. Tuwafungulie uzi wao.

Ukirudi na shahada, utaipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambuliwe, ukiwa na cheti na transkripti. Kwa hiyo chunguza chuo kabla ya kulipa. Kwa DBA, ithibati ya AMBA (chombo cha kukagua kozi za biashara) ni nzuri lakini haichukui nafasi ya chuo kuwa na mamlaka ya kutoa shahada nchini kwake. Na kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu, soma muundo wa utumishi wa chuo unachokilenga uone kama umeandika "shahada ya uzamivu" au "PhD" pekee.