Fundi alikuja kutengeneza, akaacha hasara: tupeane uzoefu

MamaWawili_Tegeta
Habari za jioni ndugu zangu. Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Makochi yako nje, zulia limeanikwa ukutani, maji yanatiririka mpaka barazani, na fundi kasimama pembeni na spana yake anamwambia, "Mama, koki hii ilikuwa mbovu tangu zamani." Nikahisi damu inanipanda, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Kwangu ilikuwa shawa ya maji moto, bafu la juu. Fundi nililetewa na mtu ninayemheshimu. Kachimba ukuta, kaunganisha mabomba ya PPR, yale ya kuyeyusha kwa mashine na kugandisha, kisha hapo hapo kapiga lipu na kubandika marumaru. Hakupima presha. Nikamuuliza, "Fundi, hatuliachi kwanza tuone kama linavuja?" Akasema kazi hii kaianza kabla sijaolewa. Sasa mnajua maji ya mgao yanavyokuja: mchana kutwa koki inatoa hewa, usiku wa manane yanaingia kwa nguvu zote. Saa nane usiku tukasikia kishindo, tukadhani wezi. Dari yote ya jipsamu sebuleni imeshuka juu ya televisheni, na maji yanaporomoka kupitia tundu la taa. Mume wangu akakimbilia swichi kubwa kuzima umeme, mimi nikakimbilia watoto.

Asubuhi simu yake haipatikani. Mchana ikapatikana, akasema bomba nililonunua lilikuwa feki. Bomba kanunua yeye, risiti ninayo. Tukafika kwa mwenyekiti wa mtaa, akaandikishwa kulipa kidogokidogo mbele ya mashahidi. Akalipa awamu ya kwanza, kisha akahama. Dari tukaitengeneza kwa hela yetu.

Kinachoniuma si dari peke yake. Mtu unamkaribisha ndani kwako, unampa chai, anaharibu, halafu anakugeuzia kibao. Waliokutwa na haya, mlifanyaje? Kuna aliyelipwa?

Mjukuu_wa_Chifu
Pole sana dada, umenikumbusha mbali. Kwangu ni fundi wa dishi. Kapanda juu ya nyumba, badala ya kukanyaga kwenye mistari ya misumari, palipo na papi, zile mbao za kushikilia bati, chini yake, yeye katembea katikati ya bati kama yuko uwanjani. Bati zimebonyea, misumari imelegea. Masika yote tulikinga maji kwa ndoo chumba cha watoto. Alipoitwa akajibu kwamba yeye ni wa dishi, mambo ya paa hayamhusu.

Nasra wa Magomeni
Wangu alitoboa ukuta kuweka kiyoyozi akakata waya uliopita humo ndani. Nusu ya nyumba giza. Alilipa nauli ya fundi umeme, basi.

Kisarawe_Kwetu
Mafundi Maiko, wale wababaishaji, wamejaa mjini. Ukikutana nao, hela ya mwisho usitoe mpaka maji yamekaa bombani usiku mzima.

FundiUmeme_Mbagala
Wakuu, naomba niseme na upande wetu, maana naona fimbo zinatembea. Mimi nina leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kazi ya kufunga nyaya inataka leseni, na leseni zenyewe zina madaraja. Nikimtajia mtu bei ananiambia kuna kijana atafanya kwa nusu. Shawa ya umeme ya kilowati 5 inavuta zaidi ya ampea 20, inataka waya wa milimita 4 au 6 na breka yake peke yake. Mteja ananitolea waya wa 1.5 uliobaki kwenye taa, "tumia huu fundi, tusipoteze hela." Waya ukiyeyuka, jina baya anapata nani?

Kisarawe_Kwetu
Ukipewa waya wa taa uufunge kwenye shawa, unaufunga wa nini? Kataa.

FundiUmeme_Mbagala
Nakataa na naondoka. Anayefunga ni yule wa nusu bei.

Kisarawe_Kwetu
Basi wakemeeni wenzenu, msitubebeshe sisi wateja. Mimi nililipa bei niliyotajiwa, sikupunguza hata mia, na bado aliacha nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imelegea kwenye umeme wa fezi tatu. Friji, televisheni na pampu ya maji vilikufa kwa mpigo mmoja.

FundiUmeme_Mbagala
Hilo nakupa pole ya dhati. Nyutro ikiachia kwenye fezi tatu, volti 230 zinaweza kupanda kukaribia 400 kwenye baadhi ya soketi. Hakuna friji inayostahimili. Na huyo hana cha kujitetea, kukaza nyutro ni kazi ya kwanza tunayofundishwa. Ulimchukulia hatua gani?

Kisarawe_Kwetu
Nilizuia drili yake. Ninayo mpaka leo.

Mjukuu_wa_Chifu
Safi. Hiyo ndiyo lugha wanayoielewa.

Karani_Mstaafu
Vijana, hapo mnajichongea. Ukimzuilia mtu zana zake bila makubaliano, kesho yeye ndiye anakwenda kituoni kukulalamikia, na wewe mwenye friji lililoungua unageuka mtuhumiwa. Nimeona hayo kwa macho yangu miaka mingi nikiwa mahakamani. Njia ipo. Makubaliano na fundi ni mkataba, hata yakiwa ya mdomo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya fidia ya hasara iliyotokana nao. Nenda Mahakama ya Mwanzo, fungua madai. Peleka picha, risiti, meseji zenu, na mtu aliyeona. Na ukipata fundi wa pili wa kurekebisha, mwambie aandike kwa mkono wake alikuta nini kabla hajagusa kitu. Karatasi ile ina nguvu kuliko kelele zote za mtaani.

Nasra wa Magomeni
Shikamoo mzee. Na polisi je?

Karani_Mstaafu
Marahaba. Polisi si wakusanya madeni. Kama kaiba au kavunja kwa makusudi, nenda. Kama kafanya kazi mbovu, hiyo ni madai.

BintiPangani
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Ila kuna mtu kagusa habari ya kumdai fundi mahakamani na mkono umeanza kunitetemeka.

Wezi walijaribu kukata nondo za dirisha nyumbani kwa wazazi, chumba cha nyuma. Baba akaita fundi wa kuchomelea aimarishe grili za madirisha yote ya upande ule. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kaka yangu: godoro la sponji, pazia, nguo juu ya kiti. Mama akasema tutoe godoro. Fundi akasema, "Mama usijisumbue, ni dakika mbili tu." Mama akalivuta mwenyewe likaishia katikati ya chumba, fundi akaanza kuchoma. Cheche zikawa zinaruka ndani. Akamaliza, akahamia dirisha la chumba cha bibi, akachomelea na lile. Likawa imara kweli. Kisha akaenda msikitini kuswali adhuhuri, na sisi tukaenda jikoni.

Sponji haiwaki papo hapo. Inaungua kwa ndani, kimyakimya, halafu inalipuka. Tulikuja kusikia harufu wakati moshi umeshajaa ukumbini, mweusi, mzito, huoni mkono wako. Na bibi yuko chumbani kwake amelala. Mlango wake unatazamana na mlango wa chumba kinachoungua. Kaka alijaribu kuingia mara ya kwanza akarudi anakohoa, nyusi zimeungua. Ikabaki dirisha. Na dirisha lina grili mpya.

Vijana wa mtaa walikuja na mtaimbo na nyundo. Wakaona kung'oa nondo haiwezekani, wakaanza kubomoa ukuta wenyewe kuzunguka fremu, matofali yanadondoka moja moja, na bibi tunamsikia anaita jina la marehemu babu. Fundi akarudi anakimbia. Aliishika ile grili kwa mikono mitupu, ya moto, akaivuta na wale vijana mpaka fremu nzima ikatoka. Bibi akapitishwa pale. Alikuwa hai.

Vyumba viwili viliungua na sehemu ya paa. Baba hakudai hata senti. Alisema mtu aliyemtoa mama yake motoni hawezi kumpeleka mahakamani. Mimi sijakubali mpaka leo. Bibi asingehitaji kutolewa motoni kama godoro lingetolewa nje.

MamaWawili_Tegeta
Ewe Mola. Bibi yuko wapi sasa?

BintiPangani
Yupo dada, alhamdulillah. Kifua kilimsumbua muda mrefu. Halali tena chumba chenye grili isiyofunguka, na baba alibadilisha, akaweka ya bawaba yenye kufuli kwa ndani, funguo inaning'inia pale pale.

Mjukuu_wa_Chifu
Baba yako ni mtu wa Mungu. Yule fundi aliunguza mikono, ambayo ndiyo riziki yake. Umdai nini tena?

Nasra wa Magomeni
Hapana, mimi niko na Binti. Kumwokoa bibi ni wajibu wake, yeye ndiye aliyewasha moto. Huruma ya baba isifute hasara ya mama, aliyeambiwa asijisumbue wakati alikuwa sahihi. Mbona mwanamke akisema jambo la kitaalamu mbele ya fundi haonekani anasema?

Mjukuu_wa_Chifu
Sasa ya mwanamke yameingiaje hapa?

MamaWawili_Tegeta
Yameingia kwa sababu na mimi niliambiwa "kabla hujaolewa" kwa kuuliza habari ya presha. Nasra kasema kweli.

FundiUmeme_Mbagala
Nyongeza kwa Binti. Kazi ya kuchomelea ikiisha, mtu abaki akiangalia si chini ya nusu saa, na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu tangu mwanzo. Cheche huingia kwenye ufa ikakaa. Na namba ya Zimamoto ni 114, iandikeni mlangoni.

Wa_Rongai
Niaje watu wa Bongo, poleni sana. Huku Nairobi nilipata shida tofauti kidogo, maana mimi ni mpangaji. Fundi alikuja kubadilisha marumaru za bafu zilizopasuka. Akimaliza akasafisha saruji kwa asidi, ile kali ya kuchoma pua, hakuchanganya maji ya kutosha. Koki zote za kung'aa zikageuka nyeusi, saruji katikati ya marumaru ikalika, na kioo kikaota madoa pembeni. Mwenye nyumba akasema atakata kwenye deposti yangu. Fundi naye anasema hiyo ni rangi ya koki za bei rahisi. Nikabanwa katikati.

Nikamwandikia fundi barua ya madai, nikampa muda wa kujibu. Alipokataa nikaenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Nilikuwa na picha za bafu kabla ya kazi, kwa sababu nilizipiga kumwonyesha marumaru zilizopasuka, na koki zinaonekana ziko sawa. Fundi alipopata makaratasi ya korti alinipigia mwenyewe. Alinunua koki mpya, mimi nikagharamia kioo, tukamalizana kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kisarawe_Kwetu
Kumbe kuna aliyelipwa! Picha za kabla, hapo ndipo penye siri.

Mama Zuhura
Mimi siendi mahakama wala kwa mwenyekiti. Fundi simchukui mpaka niambiwe anakaa wapi na mama yake nani. Akiharibu naenda kumweleza mama yake, taratibu, na kitenge changu begani. Wanalipa.

Nasra wa Magomeni
Mama Zuhura, hiyo naichukua.

Karani_Mstaafu
Mama Zuhura yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Ukiwa na hukumu mkononi na mdaiwa hana mali, umepata karatasi tu. Ndiyo maana mara nyingi usuluhishi bora ni fundi kurudia kazi kwa nguvu zake bure, wewe ukasimamia vifaa, na hayo yaandikwe.

MamaWawili_Tegeta
Mzee, mimi yule asingegusa tena ukuta wangu hata bure.

Karani_Mstaafu
Na hilo ni haki yako mwanangu. Basi alete mwingine kwa gharama yake.

Mpemba_Halisi
Samahani kuingilia, mimi yangu ni ya leo. Fundi kakata vyuma vya geti kwa grainda karibu na madirisha ya aluminiamu. Vioo vimejaa vidoa vidogo vya kahawia, ukipitisha kidole vinakwaruza. Kwenye marumaru za baraza pia. Vinatoka?

FundiUmeme_Mbagala
Hizo ni chembe za chuma za moto, zimejibandika kwenye kioo na zinaanza kutu. Lowesha kwa maji ya sabuni, pitisha wembe mpya kwa kuulaza, usiusimamishe. Zilizokaa juu zitatoka. Zilizoyeyusha kioo zikazama zitaacha vishimo, hapo ni kubadilisha kioo tu. Asidi usiisogeze hapo. Ila piga picha kwanza kabla hujafuta chochote.

Mpemba_Halisi
Nimepiga picha. Nimejaribu kioo kimoja, vya juu vimetoka, vya chini vimezama. Fundi bado yuko hapa anafunga kazi, hela sijampa.

Kisarawe_Kwetu
Mwite aje aviguse kwa kidole chake sasa hivi, kabla hajafunga mkoba.