Tupeane uzoefu: ulirudije kwa Mungu ukiwa bado hujatengemaa?

Mleta mada

Bwana asifiwe wapendwa, na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nilikaa nje ya kanisa miaka 4. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenikosea. Nilikosa Jumapili moja kwa uchovu, nikakosa ya pili kwa kuona haya kwamba nilikosa ya kwanza, basi ikawa hivyo. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo. Kilichonizuia ni masharti niliyojiwekea mwenyewe: nikiacha pombe nitarudi, nikimaliza deni nitarudi, nikipatana na dada yangu nitarudi. Nikitimiza moja, navunja jingine.

Siku niliyorudi sikuwa nimetimiza hata moja. Nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mkoba mapajani. Ilipofika Imani ya Mitume nilisema yote mpaka "ushirika wa watakatifu", sauti ikakatika hapo. Niliwatazama wale watu migongo yao nikajiambia hawa ndio watakatifu, mimi nimeingia kwa makosa.

Wiki chache baadaye nikaalikwa kwenye kikundi cha maombi, watu 8 tu. Mzee wa kanisa aliyetuongoza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema: "Kabla hatujaomba, niwaambie kitu. Miezi mitatu sasa sijaweza kusali peke yangu. Nawaongoza ninyi, nikifika nyumbani nanyamaza." Kimya. Hakuna aliyemkimbilia na mstari wa Biblia. Mama aliyekuwa pembeni yake alivuta kiti akasogea karibu, basi.

Wa pili kusema nilikuwa mimi. Nilisema la pombe na la dada yangu. Nililia, lakini si kwa aibu.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Nani alikuwa wa kwanza kusema ukweli mbele yako? Na kama ulisema ukweli ukaumizwa, tafadhali sema na hilo. Sitaki uzi wa shuhuda zilizopambwa.

#2

Dada, asante kwa kufungua mlango huu.

Niliimba kwaya miaka 7, sauti ya pili. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa naimba bila kuamini ninachoimba. Mama yangu alikuwa amefariki, niliomba sana apone, hakupona. Watu walikuwa wanakuja kuniambia wimbo umewabariki, nami najiona mwizi.

Siku moja baada ya mazoezi nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba nataka kuacha, nikamweleza sababu halisi. Nilitegemea anipeleke kwa mchungaji. Alikusanya karatasi za nyimbo taratibu, akaniambia: "Imba yale unayoweza. Mengine tutakuimbia sisi mpaka utakapoweza."

Nikawa nafanya hivyo kwelikweli. Kuna beti nilizikalia kimya miezi mingi, na aliyekuwa kulia kwangu akawa anapaza sauti kidogo hapo, bila kuambiwa na mtu. Sijui siku gani hasa imani ilirudi. Najua tu kwamba ilikuta nafasi yangu kwenye mstari haijachukuliwa.

Yule baba katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia nenda ukakamilishe imani kwanza ndipo umlete mtoto. Alimponya mtoto palepale. Miaka yote nimeusoma mstari ule kama kasoro ya yule baba. Siku hizi naona ni sala iliyo kamili.

#3

Mimi ni wa upande wa pili, na nashukuru mleta mada ameuruhusu.

Nilieleza shida ya ndoa yangu kwenye kikundi usiku wa Jumanne. Jumapili mtu ambaye hakuwepo akanishika mkono kwa huruma na kuniambia "tunawaombea wewe na mkeo". Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Hakujua kwamba nimesema. Baadaye nikagundua kila mmoja alimpelekea mwenzake kama ombi la maombi. Jamani, umbeya ukifungwa macho na kumaliziwa na amina bado ni umbeya.

Tulikaa nyumbani miaka 3. Tulirudi kupitia kwa mtu mmoja tu, si kikundi. Kabla sijamwambia lolote nilimuuliza: "Hili litaishia wapi?" Akasema: "Litaishia kwangu, na hata mke wangu hatalijua." Mpaka leo halijatoka.

Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu "ninyi kwa ninyi". Haisemi mbele ya kila mtu. Kwangu mimi mtu mmoja anatosha, na sitamruhusu yeyote aniambie kwamba hiyo ni imani nusu.

#4

Mwanangu #3, pole sana. Ulichotendewa ni dhambi dhidi yako, na nasema hivyo kama mtu aliyekaa kwenye ushirika muda mrefu.

Jambo hili la kuambiana ukweli si geni. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipoandika kanuni za vikundi vyake vidogo, tarehe 25 Desemba 1738, aliweka maswali ya kumuuliza mtu kabla hajapokelewa. Mojawapo lilikuwa kama unataka kuambiwa makosa yako. Ona, mtu aliulizwa kwanza! Hakuvamiwa. Na vikundi vilikuwa vidogo, wanaume peke yao, wanawake peke yao.

Sisi tuliolelewa ndani ya Uamsho, lile vuguvugu la Kikristo lililoanzia Gahini, Rwanda, likasambaa Afrika Mashariki miaka ya 1930, tuliita jambo hili "kutembea nuruni", kutokana na 1 Yohana 1:7. Nimeona watu wakirudisha vitu walivyoiba, na ndugu waliokuwa hawasalimiani wakikumbatiana. Nililiona kwa macho yangu, sihadithiwi.

Lakini niseme na udhaifu wetu. Ungamo lilizoeleka. Watu walikuja na dhambi nyepesi kila wiki, nilikasirika, nilichelewa, nilimsema fulani, na ile nzito inabaki nyumbani. Na asiyesimama kuungama tulimtazama kwa jicho la pembeni. Ukweli unaolazimishwa huzaa maigizo. Nilikuwa mmoja wa waliotazama hivyo, na nimeomba radhi kwa wale niliowakumbuka.

#5

Bado sijarudi. Nasoma tu.

#6

Shikamoo mzee #4.

Yangu ni kamari. Nilikuwa mmoja wa wanaohesabu sadaka. Sikuchukua hata sarafu, lakini kuna jioni nilishika kile kikapu na mikono ikatetemeka, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Nikaenda kumwambia mchungaji usiku uleule.

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, asante. La pili, kuanzia Jumapili sitahesabu tena, nitapanga viti. Nilikasirika! Niliona nimesema ukweli halafu naadhibiwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananiondolea mtego, na kwamba hakuniondoa mimi. Yeye mwenyewe alikuja kupanga viti nami, mapema kabla ya watu, mwezi mzima.

Yeye pia ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha watu wenye uraibu. Wanafuata hatua 12 zilizotoka kwa walevi waliokuwa wanasaidiana kule Marekani, harakati iliyoanza mwaka 1935. Hatua ya 5 ni kukiri makosa yako mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yako, na mbele ya binadamu mwingine. Huyo binadamu mwingine ndiye mgumu. Mungu nilikuwa namwambia kila usiku kwa miaka, na asubuhi nacheza tena.

Nimeanguka mara mbili tangu hapo. Mara ya mwisho ni miezi miwili iliyopita. Nimeandika hili kwa sababu shuhuda nyingi humalizia na "na tangu siku hiyo", na kwangu haikuwa hivyo. Bado napanga viti.

#7

Naongeza neno kwa akina dada. Kuna mambo si ya kikundi. Mimi nilikuwa napigwa, nikalisema kwenye maombi, wakanifundisha kusamehe na kunyenyekea. Msamaha ni wa kweli na ninauamini, lakini siku ile nilihitaji mahali salama pa kulala na mtu wa kunisindikiza polisi. Mtoto akidhurika pia, msiombe kwanza mkakaa. Ripotini, ndipo muombe.

Nilipata kanisa jingine. Mama mmoja pale hakuniuliza kitu siku ya kwanza. Aliniuliza tu kama nimekula.

Baadaye nilipoisoma Yohana 21 nilimkumbuka. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa, sura ya 18. Kule ufukweni anakuta tena moto wa makaa, na juu yake samaki. Yesu anamwita ale kabla hajamuuliza lolote: "Njoni mfungue kinywa." Maswali matatu yalikuja wameshakula.

Mleta mada

Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. #3, nimelipeleka swali lako kwenye kikundi chetu jana, "hili litaishia wapi?", na tumekubaliana kulijibu kila mmoja kwa sauti kabla ya mtu kuanza kusema. Mzee wetu ndiye aliyejibu wa kwanza. #7, nimeyabeba uliyosema, na namba ya polisi tumeiweka kwenye simu zetu wote 8.

La dada yangu bado. Nimemwandikia ujumbe mara tatu, ameusoma, hajajibu.

#5, sikuulizi sababu. Kile kiti cha karibu na mlango nilikikalia miezi mitatu, na hakuna aliyeniambia nisogee mbele. Siku hizi nakaa kiti cha pili kutoka hapo, cha kwanza nakiacha wazi.

#5

Jumapili ibada yenu inaanza saa ngapi?