Tupeane uzoefu: unasafishaje lenzi bila kuikwaruza?

Wakuu, nazungumzia lenzi za miwani, kamera, darubini, hadubini, zote. Naanza na miwani. Siifuti ikiwa mikavu, na pindo la shati siligusishi kabisa. Naiweka chini ya bomba, maji ya baridi, tone la sabuni ya vyombo, nasugua kwa ncha za vidole, nasuuza, ndipo kitambaa. Maji ya moto siyataki: plastiki hutanuka kuliko utando uliopakwa juu yake, utando ukaingia nyufa. Haya, leteni zenu.

Mzee wa Picha: Kwangu kitambaa huja mwisho. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo: 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kioo cha kawaida hakifiki 6. Ukifuta kabla ya kupuliza, unapiga msasa. Nageuza lenzi itazame chini, napuliza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini. Likibaki doa la kidole, natonesha dawa kwenye karatasi ya lenzi, kamwe si kwenye lenzi yenyewe, maana itachuruzika pembeni iingie ndani. Makopo ya hewa siyaamini, ukiyainamisha yanatema kimiminika. Halafu vumbi kidogo wala halionekani kwenye picha, tusihangaike bure.

Dada wa Maabara: Kwenye hadubini adui yetu ni mafuta yanayotiwa kati ya lenzi ya kukuza mara 100 na kinachotazamwa. Yakiachwa yakauke, kazi inakuwa ngumu. Nayanyonya kwa karatasi ya lenzi mara nikimaliza kutazama, bila kusugua. Karatasi ya chooni hapana.

Mtazama Nyota: Kioo kikuu cha darubini yangu kimepakwa aluminiamu upande wa mbele, si nyuma kama kioo cha kujitazamia. Hiyo tabaka ni nyembamba mno, kwa hiyo nakiacha na vumbi lake muda mrefu. Siku ya kukiosha: maji mengi kwanza, pamba inayopita kwa uzito wake tu, suuza ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa.

Mgeni: Na asetoni, wakuu? Inakata mafuta vizuri sana.

Mzee wa Picha: Mkuu, lenzi ya plastiki itayeyuka uso, na fremu pia. Tafuta alkoholi ya isopropili, kidogo tu.

Dada wa Maabara: Na ukungu mweupe wenye nyuzinyuzi ukiuona ndani ya lenzi, hiyo ya fundi. Huo hula hadi kioo.