Tela dogo la sanduku kubeba kayaki ya tanga, Mtwara hadi Msimbati: nirefushe wapi?

Mwanashangani:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaojua chuma na wanaojua vyombo.

Nina kayaki ya tanga, ya plastiki, urefu kama mita 5. Ina matengo mawili, yaani vielea vya pembeni vya kuizuia isipinduke, yanayokunjwa ubavuni, na ikiwa kamili na mlingoti wake ni kilo 80 hivi. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mtwara. Hapa Shangani haina taabu, tunaibeba hadi majini. Nataka sasa kuipeleka Mikindani, Msimbati, na Mungu akipenda hata Lindi.

Babu yangu alikuwa nahodha wa ngalawa kule Sudi, lakini sisi wajukuu wa kike hakuna aliyetushikisha usukani. Nimejifunza ukubwani. Mabinti wa dada yangu nawafundisha wakingali wadogo, na nataka waijue Ghuba ya Mnazi, kule Msimbati, kama wanavyoyajua maji ya hapa nyumbani. Kwa hiyo hili tela kwangu ni jambo kubwa.

Tela lenyewe ni la sanduku, bodi mita 2 kwa 1.2, ekseli katikati, springi za pleti, mkono wa kuvutia mita 1.2. Gari ni Escudo. Fundi mmoja anasema aongeze bodi lifike mita 4. Roho yangu inasita. Mnasemaje?

Kibao_cha_Mikindani:
Kwa nini usiifunge juu ya keria ukaachana na tela?

Mwanashangani:
Kaka, kilo 80 ni nyingi kwa keria ya gari dogo, na msaidizi wangu wa kuinua ni binti wa miaka 14. Sitaki mzigo huo upite juu ya kichwa chake.

FundiChuma_Lindi:
Dada, roho yako inasita kwa haki. Usirefushe bodi, refusha mkono. Kayaki haitaki sakafu, inataka mahali pawili pa kulalia, basi. Bodi la mita 4 ni chuma cha kubeba upepo.

Piga hesabu. Chombo ni mita 5. Mkia ukitokeza nyuma mita 1, zinabaki 4. Bodi linachukua 2, na 2 nyingine zinatangulia mbele. Mkono wako ni mita 1.2, kwa hiyo pua inaingia sentimita 80 ndani ya eneo la gari, na Escudo ina spea mlangoni nyuma. Kona ya kwanza tu umeachana na kioo. Mkono ukifika mita 2.4 pua inabaki huru na mlango unapata nafasi. Tena tela lenye mkono mrefu ni tulivu kurudisha nyuma. Lile fupi linapinda kabla hujajipanga.

Mkono huo usiungwe ncha kwa ncha. Nunua bomba la mraba la inchi 3, unene wa milimita 4, lipite chini ya bodi lote, likamatwe kwenye fremu ya mbele na karibu na ekseli kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) na nati za kujikaza. Fundi akishikilia kuchomelea, achomelee ubavuni kufuata urefu wa bomba. Asipitishe mshono kukata juu wala chini ya bomba, maana barabara ikiruka, juu na chini ndipo chuma kinapovutika na kubanwa zaidi, na ufa unaanzia kwenye mshono. Hili usimwachie aseme "itashika tu". Simama naye.

Halafu uzito wa pale mkono unapokaa kwenye gari. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia korosho, itundike kwenye tawi la mwembe, ning'iniza kichwa cha mkono kikae usawa uleule wa gari, tela likiwa na kayaki juu. Unatafuta kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa tela lako nadhani itakuja kilo 20 hadi 30. Ikiwa pungufu, sogeza kayaki mbele. Mkono mwepesi ndio unaofanya tela lichape mkia kwenye mwendo, na likishaanza kuchapa si rahisi kulituliza.

Springi: hizo zimetengenezwa kwa mzigo wa matofali. Kwa kilo 80 hazitabonyea hata kidogo, mtikisiko wote utaishia kwenye plastiki. Toa pleti za chini, acha ile kubwa yenye macho na moja au mbili za kuisaidia, ukikumbuka kwamba tela hilo sasa halibebi tena kokoto. Tairi usijaze, upepo wa psi 20 unatosha.

Malazi yawe mawili, mbao ya mkongo iliyochongwa kufuata tumbo la chombo, kila moja kwenye robo ya urefu kutoka ncha yake, karibu na pale miti ya matengo inapoingilia, kwani hapo ndipo chombo kina nguvu. Vika mbao mpira wa tairi ya ndani. Wengi wanaweka kapeti, ila kapeti inanyonya maji ya chumvi na kulisha kutu misumari.

Mikanda: kaza hadi chombo kisicheze, ishia hapo. Plastiki ikipata jua la saa saba inalainika, na mkanda wenye racheti unaibonyeza. Ukisimama kula, legeza kidogo. Pua na mkia vifungwe kwa kamba zao mbali na mikanda.

Mzee_wa_Matengo:
Fundi amesema sawa. Mimi nasemea baharini.

Binti, magurudumu usiyaingize majini. Umetoka Mtwara hadi Msimbati, beringi zimepata moto. Ukizitumbukiza, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji ya chumvi kupita sili, ule mpira wa kuzibia. Grisi inaharibika na wewe huoni kitu, mpaka siku gurudumu likulilie njiani. Tela libaki juu kwenye mchanga mgumu. Vua matengo na mlingoti, teremsheni chombo kwenye kitoroli cha matairi mapana, kisukumeni.

Na angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ukifika maji yakiwa yametoka utasukuma mbali mno. Fika maji yakijaa. Kusi likiwa kali, toka asubuhi pepo zikiwa bado changa. Na usisahau kule ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, pita getini ulipe kiingilio, uwaambie unakwenda wapi na wangapi.

Mwanashangani:
Shikamoo mzee. Fundi, asante sana, nimeandika yote kwenye daftari. Bomba nitalitafuta wiki hii. Maswali mawili: matengo nisafiri nayo yakiwa yamekunjwa ubavuni au niyavue kabisa? Na mlingoti niuweke wapi?

Mzee_wa_Matengo:
Marahaba mwanangu. Yavue. Yakikunjwa yananing'inia kwenye vishikio vyake, na kila shimo la barabarani yanavichosha. Yalaze ndani ya sanduku la tela, kila moja ndani ya gunia lake, mikia itokeze. Tanga likunje kabisa, lisipigwe na upepo njia nzima.

FundiChuma_Lindi:
Mlingoti usiulaze juu ya chombo. Chomea vijiti viwili vyenye umbo la Y kwenye ukingo wa pembeni wa sanduku, kimoja mbele kimoja nyuma, uulaze humo na kuufunga kwa mpira. Kwenye mkia wa kayaki funga kitambaa chekundu, na usiku weka taa nyekundu pale pale mwisho, kwa sababu taa za tela zitakuwa mita nzima mbele ya pale dereva anayekufuata atakapogonga. Kama tela halina kibao chake, lisajili TRA kabla hujatoka mjini. Linasajiliwa peke yake, namba ya Escudo hailifuniki.

Ukipata bomba, niandikie unene wake kabla fundi hajatoboa. Wakikuuzia la milimita 2 wakisema ni la 4, pima ukingoni kwa rula palipokatwa, utaona mwenyewe.