Mafundi tunao, wafadhili wanaleta sabuni

mama_kirumba: Wakuu, naomba mawazo. Najitolea kwenye nyumba inayohifadhi watu wasio na makazi hapa Mwanza. Tunaye fundi cherehani; mwenye nyumba wake alishikilia mashine kwa deni la kodi. Yupo fundi rangi, na dada aliyepika hotelini miaka mingi. Wafadhili wametuletea tena mafunzo ya sabuni ya maji. Sabuni! Mtaa mzima unauza sabuni. Yule fundi anakoroga ndoo huku ananiambia, "Dada, mimi nashona suti." Nifanyeje warudi kwenye kazi zao wenyewe?

FundiMsumari: Anza na cherehani. Kaeni na huyo mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, deni liandikwe, lilipwe kidogo kidogo, mashine itoke. Ikikaa stoo haimlipi hata yeye. Wa rangi hahitaji fremu ya duka: brashi, rola, msasa, basi. Kinachomkwamisha ni mdhamini. Nani atamwingiza sebuleni kwake mtu asiyejua analala wapi? Mpeleke mwenyewe kwa fundi mkuu, uache na namba yako ya simu.

binti_pasiansi: Huyo dada mpishi aende VETA, chuo cha ufundi cha serikali, aulizie urasimishaji wa ujuzi. Anapimwa kwa vitendo kile anachokijua tayari, penye pengo anaongezewa, anapata cheti bila kuanza kozi upya. Hotelini watamdai pia cheti cha kupima afya. Ila kwanza, NIDA (kitambulisho cha taifa) anayo? Kama hana ataambiwa alete barua ya serikali ya mtaa, na asiye na makazi ni wa mtaa gani? Ombeni mwenyekiti awatambue kama wakazi wa hiyo nyumba yenu.

Mzee wa Halmashauri: Mtashauriwa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Msiikimbilie. Kwa kawaida inataka kikundi, na hapo mnakusanya watu wanaopita njia. Mmoja akiondoka, deni linabaki kwa wenzake. Halafu jingine: dada akipikia nyumba nzima, mlipeni. "Si anakula hapa hapa" siyo mshahara.

mama_kirumba: Shikamoo mzee, ujumbe umefika. Mwenyekiti nafahamiana naye, tutamfuata mwenye nyumba Jumamosi. FundiMsumari, wewe saiti yako ya ujenzi iko wapi, nimlete huyo wa rangi? Brashi nanunua mimi.