Naomba ushauri: gari lilitoka njiani kwenye kona, je, tumlaumu dereva au tairi?

Mwanzisha uzi, Buswelu

Wanajukwaa, habari za jioni. Sisi ni mashabiki kumi na wanne wa mbio za magari hapa Mwanza, na mwaka huu tulichanga fedha tukamnunulia kijana wetu mmoja matairi manne ya kushindania. Jumapili iliyopita alishiriki mbio za barabara ya vumbi upande wa Kisesa. Katika mzunguko wa tatu, akiwa nafasi ya pili, aliingia kwenye kona ya kushoto ambayo ukingo wake wa nje una jiwe kubwa, gari likayumba, likatoka njiani na kusimama ndani ya shamba la mihogo, huku tairi la nyuma kulia likiwa limepasuka. Namshukuru Mungu kwamba yeye na msaidizi wake hawakuumia.

Tangu siku hiyo hatuelewani. Nusu yetu wanasema aliingia kwenye kona kwa kasi isiyofaa, akaligonga jiwe, na jiwe ndilo lililopasua tairi. Nusu nyingine wanasema tairi lilipasuka kwanza. Mimi ndiye niliyetumwa kununua matairi, kwa hiyo kila ninachosema kinaonekana kama ninajitetea. Jumamosi tuna kikao, na wapo wanaotaka kijana aondolewe. Je, kuna namna ya kujua kilichoanza?

Fundi matairi, Igoma

Ndugu yangu, tairi lenyewe lipo? Kama lipo, msilitupe, kwa sababu ndilo shahidi wenu wa kwanza. Livueni kwenye ringi mtazame ndani. Tairi lililopasuliwa na jiwe huwa na jeraha la mahali pamoja: nyuzi zimekatika kama zilizopigwa panga, mara nyingi ringi nayo imebonyea mahali palepale, na sehemu nyingine ya tairi ni nzima. Tairi lililokimbia likiwa na upepo mdogo huwa tofauti kabisa. Ukuta wake hujikunja kila gurudumu linapozunguka, joto linapanda, mpira wa ndani unasagika, na ukipitisha kiganja unatoka na unga mweusi kama masizi ya sufuria. Utaona pia mstari wa mchubuko uliozunguka ukuta mzima, si upande mmoja tu.

Halafu soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata za tairi zinaweza kuwa nzuri kabisa huku mpira umeshazeeka.

Mfuatiliaji wa Formula One, Nyegezi

Naomba niongeze mfano mmoja, kwa kuwa mabishano yenu yananikumbusha mbio za Formula One za Baku, Azerbaijan, za tarehe 6 Juni 2021. Siku ile dereva Lance Stroll alipasukiwa na tairi la nyuma kushoto, na baadaye mwenzake Max Verstappen, aliyekuwa anaongoza mbio, naye akapasukiwa na tairi la upande huohuo katika mzunguko wa 46 kati ya 51, akagonga ukuta. Mbio zilisimamishwa. Zilipoanza upya, dereva mwingine, Lewis Hamilton, aligusa bila kukusudia swichi inayohamishia nguvu ya breki mbele, magurudumu yakajifunga, akapitiliza kona ya kwanza na kumaliza wa 15. Hilo lilikuwa kosa la dereva, na hakuna aliyelipinga. Kuhusu matairi, Pirelli, kampuni iliyoyatengeneza, walichunguza wakasema hawakuona kasoro ya utengenezaji, bali ukuta wa ndani ulikatika kutokana na hali ambayo tairi lilitumika, na baada ya hapo ukaguzi wa upepo ukaimarishwa.

Kwa hiyo msijifungie kwenye majibu mawili tu, dereva au tairi, kwa maana lipo na la tatu: waliolitayarisha gari. Katika mbio za Silverstone, Uingereza, mwaka 2013, matairi yalipopasuka mfululizo, miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upepo mdogo kupita kiasi na matairi ya nyuma kufungwa kulia kwa kushoto.

Dereva wa zamani, Misungwi

Mimi sikubaliani na kumwondolea dereva lawama haraka hivyo. Tairi la nyuma likianza kuisha upepo, mkia wa gari unakuwa mzito na unachelewa kufuata usukani, na dereva anayesikiliza gari lake anapunguza mwendo kabla ya kona. Aliyaona hayo au hakuyaona?

Mama wa Kirumba

Wanangu, nimesoma yote na sijaona mahali ambapo kijana mwenyewe ameulizwa. Aliyeshika usukani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhisi. Mwiteni, msikilizeni mpaka amalize, ndipo mhukumu.

Mwanzisha uzi, Buswelu

Nimerudi, na nawashukuru nyote. Jana nilikwenda na tairi kwa fundi mmoja hapa Buswelu, tukalivua. Ringi haikubonyea popote. Ndani mlikuwa na unga mweusi mwingi kiasi kwamba ulimwagika kwenye viatu vyangu, na mchubuko umezunguka ukuta wote. Tarakimu zinaonyesha tairi halina hata miaka miwili.

Mama, nilimpigia kijana kama ulivyoshauri. Alisema kona mbili kabla ya pale alihisi mkia unalegea, akamwambia msaidizi wake, lakini kwa kuwa gari la nyuma lilikuwa limemkaribia, akaamua kumalizia mzunguko. Kwa hiyo mzee wa Misungwi naye ana hoja.

Lakini lipo ambalo sikuliandika mwanzoni, na halijaniacha nilale. Asubuhi ile, kwa kuona vumbi lilivyokuwa jingi, mimi ndiye niliyemwambia fundi wetu apunguze upepo kutoka 32 hadi 22 ili matairi yashike vizuri. Nilifikiria mchanga, sikufikiria mawe wala ugumu wa njia ile. Kijana hakuambiwa. Leo nimemweleza na nimemwomba radhi, na Jumamosi nitaingia kikaoni na tairi hili mkononi, nitalieleza jambo hili mimi mwenyewe kabla jina la kijana halijatajwa.