Vigae vya kupasha maji kwa jua: tumepigwa mchana kweupe, na maji bado ni ya baridi

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha. Leo naliweka hadharani ili mwingine asiingizwe mkenge.

Kuna kampuni inazunguka huku Nyanda za Juu Kusini ikiuza vigae vya paa ambavyo, kwa maneno yao, vinafanya "paa lako liwe hita lako". Jina siliweki kwa sasa kwa sababu nataka kwanza barua yangu iwafikie. Bidhaa yenyewe ni kigae cha bati jeusi, na chini yake unapita mpira wa maji. Jua likipiga, maji yanapata moto, yanaingia kwenye tangi la lita 200 darini, unafungua koki unaoga. Hakuna kuni, hakuna gesi, Luku inapumzika. Ndivyo nilivyoelezwa, na ndivyo nilivyolipa: milioni 9 na ushee, kwa upande mmoja tu wa paa.

Matokeo yake ni haya. Watoto wanaondoka kwenda shule alfajiri wakiwa wameogea maji yaliyochemshwa kwenye sufuria. Mama yangu mzazi, ambaye miguu inamsumbua na bafu la ndani nililijenga kwa ajili yake, anakaa kitandani akisubiri nimpelekee ndoo. Nyumba ina paa la mamilioni, halafu tunabebeana ndoo.

Kabla hamjaanza na zile za "sola haifai Njombe, kuna baridi", naomba mtulie. Sola inafaa. Jirani yangu ana hita ya mirija ya vioo, imekaa juu ya bati na pipa lake limelala juu kabisa. Anaoga maji ya moto hata Julai, labda mawingu yafululize siku kadhaa ndiyo yanamshinda. Israel nyumba mpya za kuishi zinalazimika kuwa na hita ya jua tangu 1980. Wenzetu Kenya mwaka 2012 walitunga kanuni kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lifungiwe sola. Tena juu huku mita karibu 2,000 jua la mchana ni kali kuliko watu wa pwani wanavyodhani, muulize yeyote anayepalilia viazi saa saba. Jua halina kosa lolote kwenye kesi hii.

Tuanze na kigae chenyewe. Nilimwita fundi wangu wa siku zote, si wa kwao, tukafungua kigae kimoja cha chini karibu na gata. Jamani! Mpira mweusi umebanwa kwa vibanio vya plastiki, na kati ya kibanio na kibanio mpira umelegea unaning'inia. Nilipitisha kidole kati ya mpira na bati, kikapita bila kugusa huku wala huku. Sasa joto la bati litaingiaje kwenye maji kama katikati kuna hewa? Mchana ukiweka kiganja juu ya kigae unakiondoa mbio kwa moto, na wakati huohuo maji yanayopita chini yake ni vuguvugu. Fundi alicheka, mimi nilishindwa kucheka.

Juu ya kigae hakuna kioo. Chini yake hakuna povu wala kitu chochote cha kuzuia joto lisipotee, ni papi na upepo wa darini basi. Na hapa ndipo penye utapeli wenyewe, kwa sababu hili si jambo la siri kwa mtu yeyote anayefanya biashara ya hita za jua. Kioo kinaruhusu mwanga uingie na kinakinga upepo usiibe joto. Ukikiondoa, bati likianza tu kushika moto, upepo unalipoza, na kadiri linavyozidi kupata moto ndivyo linavyozidi kuporwa. Kifaa kisicho na kioo kinatosha bwawa la kuogelea, ambako unataka maji yaache tu ubaridi. Kwa maji ya kuoga Njombe mwezi Juni, upepo ukivuma kutoka milimani, ni mchezo wa kuigiza.

Nilipoona simu zangu hazina majibu nikaingia kusoma mwenyewe. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja wa Baltimore, Clarence Kemp, alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya hita ya jua: matangi meusi ndani ya sanduku lenye kioo juu. 1891, wakuu! Babu yake babu yangu alikuwa anapigana na Wajerumani huku. Kasoro ya Kemp ilikuwa kwamba usiku maji yalipoa, kwa kuwa tangi lilikuwa hukohuko juani. Mwaka 1909 William Bailey wa California akatenganisha vitu viwili: mabomba yakabaki juani ndani ya sanduku la kioo, tangi akaliweka juu zaidi na kulifunika vizuri lisipoteze joto. Akaiita Day and Night, maana ilikuwa na maji ya moto usiku na mchana. Kwa hiyo hawa jamaa wa vipeperushi vya rangi hawajamfikia Bailey. Hata Kemp hawajamfikia, kwa sababu yeye angalau aliweka kioo.

Mnaona nilivyosema tangi liliwekwa juu? La kwangu liko darini, yaani CHINI ya vigae. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda. Tangi likiwa juu, yanapanda yenyewe mchana na usiku yanatulia hukohuko. Tangi likiwa chini unahitaji pampu ya kuyazungusha mchana, na usiku unahitaji valvu ya kuyazuia yasipande kurudi paani. Pampu wameweka. Valvu hawakuweka. Saa tatu usiku nilipanda darini na tochi nikashika bomba linalotoka kwenye vigae: la moto. Jua limezama muda mrefu, bomba linatoka wapi na moto? Linatoka kwenye tangi langu! Maji yaliyopashwa mchana kutwa yanapanda taratibu kwenda kupoa juu ya paa, yanashuka ya baridi kwa bomba la pili. Yaani usiku ule mfumo unafanya kazi vizuri kuliko mchana, ila kinyume.

Nikapima. Saa kumi jioni tangi lilikuwa nyuzi 41. Alfajiri, bila mtu kufungua koki, nyuzi 22. Nikawatumia picha za kipimajoto. Jibu: "Dada, mambo ya kitaalamu tuachie sisi."

Halafu hiyo pampu inaendeshwa na taima. Si kifaa cha kulinganisha joto la paani na la tangini, ni taima ya kawaida kama ya taa za nje: inawaka saa tatu asubuhi, inazima saa moja jioni. Siku ya mawingu inasukuma maji ya tangi kwenda kwenye vigae vya baridi kutwa nzima, na umeme wa kuyapoza nalipa mimi.

Bado. Paa langu lina pande mbili kubwa, kaskazini na kusini. Vigae vya sola wameviweka kusini. Kwa nini? Kwa sababu barabara iko kusini, na walitaka kupiga picha za tangazo! Hilo nimeambiwa na kijana wao aliyekuwa akipandisha vigae, bila hata kuona aibu. Sisi tuko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, wakati wa baridi kali, jua la saa sita mchana linakuwa limeegemea kaskazini nyuzi 33 hivi kutoka utosini. Paa lenye mwinuko wa nyuzi 30 likitazama kaskazini linalipokea uso kwa uso. Likitazama kusini, miale inalipitia kwa ubavu na linapata chini ya nusu. Yaani miezi ile ambayo mtu wa Njombe anahitaji maji ya moto kuliko yote ndiyo miezi ambayo paa langu limegeuziwa mgongo. Desemba tunapata vuguvugu zuri kabisa, wakati hakuna anayelihitaji.

Sasa sikieni la sakitu. Watu wa Makete na sisi wa huku tunaijua, usiku mweupe usio na wingu, asubuhi majani yamefunikwa unga mweupe. Usiku wa namna hiyo paa linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na huo mpira una maji ndani yake, maji matupu. Asubuhi moja mwezi Julai maji yaliganda kwenye kiungio cha kona. Jua lilipotoka barafu ikayeyuka, kiungio kilichopasuka kikaanza kumwaga. Jipsamu ya chumba cha mama ikalowa, ikashuka kipande kizima juu ya kabati. Namshukuru Mungu alikuwa ameshatoka kwenda kuota jua barazani.

Na hata hili lina jibu la zamani. Januari 1913 baridi isiyo ya kawaida ilipasua mabomba ya wateja wa Bailey kulekule California. Alifanyaje? Alibadilisha mfumo: huko paani akapitisha maji yaliyochanganywa na alkoholi, yasigande, yakawa yanazunguka kwenye koili ndani ya tangi na kupasha maji ya kuoga bila kuchanganyika nayo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mimi nimeuziwa mpira wa maji matupu kwenye mkoa wenye sakitu.

Nikapiga simu kuhusu waranti. Waranti ni ya miaka 10, imepigwa mhuri na ina nembo ya dhahabu. Dada wa mapokezi akanisomea kifungu: waranti haihusu uharibifu unaotokana na hali ya hewa. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kigae kinakaa wapi, kabatini?" Akasema atanipigia. Nasubiri.

Kuna jambo jingine linaloniudhi pengine kuliko sakitu. Siku ya kuuziwa, yule kijana wa mauzo alitoa simu akanionyesha video ya vigae vya Tesla, vile alivyotambulisha Elon Musk Oktoba 2016. "Dada, teknolojia ndiyo hii hii." Si hii! Vile vinazalisha UMEME. Ndani yake kuna seli za sola kama za paneli, havipitishi hata tone la maji. Hivi ni bati lenye mpira chini. Kumwonyesha mteja kimoja na kumfungia kingine kuna jina lake, na jina hilo siyo mauzo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na video hiyohiyo ameiacha kwenye WhatsApp yangu na ujumbe wake chini yake. Sijafuta.

Ninachotaka kwao kiko kwenye barua. Wavitoe vigae vya kusini, waweke vya kawaida visivyovuja, warudishe hela ya mfumo, watengeneze dari ya mama. Sitaki "maboresho". Wamekwisha kuniahidi kuongeza vigae vya aina hiyohiyo upande wa kaskazini kwa punguzo. Punguzo! Mtu amekupa chakula kimeoza, unamwambia sahani ya pili nusu bei.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni yenu:

Mkuu uliyesema nimtaje aliyenifungia: subiri wapokee barua, nikikosa jibu nitarudi hapa.

Wewe unayeuliza kama vigae vya kupasha maji vyote ni uongo: hapana. Chuma au shaba iliyoshikana na bomba kwa urefu wote, kioo juu, kizuia joto chini, tangi mahali pake, maji yasiyoganda. Kikiwa na hivyo, hata kikiwa na umbo la kigae kitafanya kazi. Ukienda dukani omba wakukatie kigae kimoja mbele yako uone mpira umekaaje. Wakikataa, ondoka.

Na wewe ndugu unayenishauri niweke kipasha cha umeme ndani ya tangi "kisaidie kidogo": piga hesabu nami. Kutoa lita 200 kutoka nyuzi 15 mpaka 50 ni yuniti 8 hivi. Kwa elfu 10 tunapata kama yuniti 28. Hiyo ni karibu shilingi 2,900 kwa siku, elfu 87 kwa mwezi, na kama ulikuwa kwenye bei ya chini ya wale wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, umeshaiaga. Tena yuniti hizo 8 usiku zinapanda paani kupoa, valvu hakuna. Shawa ya umeme ya ukutani ya kilowati 5, mtu akioga dakika 10, inakula chini ya yuniti moja. Kama ni kwa Luku, hiyo milioni 9 ilikuwa ya nini?

Anayemfahamu fundi wa Makambako au Mafinga aliyewahi kufunga hita ya mirija juu ya paa la vigae bila kuvunja kofia, anishtue inbox. Awe na kazi alizofunga ambazo zimeshapita Julai moja, nikazione.